Kuhusu pingamizi la Kaka

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Masasi. Sisi hatujambo, ila Mama Mkubwa bado anasumbuliwa na magoti; mengine atakusimulia Mwalimu akipita huko. Nimeona nisichelewe kukujibu, kwa sababu tangazo la ndoa ya binti yetu limekwisha kubandikwa bomani, na katika siku 21 zinazotakiwa na sheria kabla ya ndoa kufungwa, Kaka anatafuta watu wa kuunga mkono pingamizi lake. Naambiwa na wewe umo.

Pingamizi hilo nimelisoma. Ni karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, na katika zote mbili sikuona kosa jingine ila kwamba bwana harusi ni Mkristo, bibi harusi ni Mwislamu, na hakuna anayetaka kubadili dini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiihesabu tofauti hiyo kuwa kizuizi. Inaitambua ndoa iliyofungwa kidini, kimila au bomani. Inaitambua ya mke mmoja na ya wake zaidi ya mmoja, wala haisemi ipi kati ya hizo ndiyo njia ya maisha mema. Wewe umeandika kwamba huo ni woga, na kwamba serikali isiyothubutu kuwaonyesha watu maisha mema haina tofauti na karani wa kugonga mihuri. Nilicheka peke yangu, maana karani tuliyemkuta sisi hakuishia kwenye mihuri: alimwuliza binti, mbele ya foleni nzima, kama amekwisha kufikiria watoto wake watazikwa kwa dini gani. Huyo ndiye mwenye msimamo unayemtamani, na binti alitoka pale akilia.

Halafu nashangaa kwamba hoja hiyo inatoka kwako. Ilipotangazwa mwaka 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri, serikali ileile ambayo miaka miwili tu nyuma ilikataa kutuchagulia aina ya ndoa ilituchagulia mahali pa kulala. Sikatai kwamba nia ilikuwa njema, kwani shule na zahanati tulizipata, nami kusoma nilisomea hapo. Lakini mikorosho ya mzee wako ilibaki kule tulikotoka tulipohamishwa. Alikuwa akiondoka alfajiri na jembe begani kwenda kuipalilia, akirudi jua limezama, mpaka mwili ukamshinda na vichaka vikalimeza shamba. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Kufikia 1986/87 zilikuwa zimebaki kama tani 16,500. Utanitajia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, na bei duni, na ni kweli vilichangia, lakini mzee hakung'olewa kwake na ubwiriunga. Aling'olewa na watu waliokuwa na hakika kwamba wanajua aishi vipi ili aishi vizuri.

Usidhani nasema serikali isiwe na neno lolote. Mahakama Kuu ilipovibatilisha mwaka 2016 vifungu vilivyoruhusu msichana aozwe akiwa na miaka 15, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo mwaka 2019, nilifurahi, ingawa baadhi ya wazee hapa walinung'unika kwamba serikali imejitungia dini yake. Mimi sikuona hivyo, kwa kuwa mtoto wa miaka 15 hajachagua maisha yoyote, amechaguliwa. Serikali iulize kama mtu ni mzima na amekubali kwa hiari yake, kisha ikae pembeni. Kwenye ndoa ya wake wengi, hata hivyo, maneno yangu haya yananitatiza mwenyewe: sheria inampa mke nafasi ya kupinga ndoa mpya ikiwa itamletea dhiki, lakini ni mke gani wa hapa kwetu atakayekwenda bomani kumpinga mumewe na jioni arudi kumpikia? Hilo tuliache, tutalizungumza ukija.

Binti yetu ana miaka 26, na kulia kwake pale bomani hakukumfanya abadili nia. Sasa uniambie: umekwisha kutia saini, au ni maneno ya Kaka tu? Kama umetia, huwezi kumwomba alifute jina lako? Na kama karatasi hizo zingeandikwa na wazee wa bwana harusi, kwa hoja hizohizo, zikimkataa binti yetu kwa sababu ya dini yake, ungewaunga mkono? Je, utazungumza na Kaka wewe, maana mimi tangu yale ya shamba hanisikilizi hata nikimsalimu? Na kwenye harusi utakuja, ili Mama Mkubwa ajue chumba cha uani akiache wazi?

Nasubiri jibu lako kabla siku hizo hazijaisha.

Wako,
Jirani yako wa zamani