Pengo dogo la ruhusa katika OpenLDAP: nani linamhusu na tunalizibaje

Tunapokagua seva za saraka za wateja wetu, yaani zinazotunza majina, nywila na ruhusa za watumiaji, bado tunakuta programu ya OpenLDAP inayoziendesha ikiwa ya matoleo yaliyotangulia 2.4.48, lililotoka Julai 2019 na kuziba pengo la kiusalama lenye namba CVE-2019-13057. Pengo hilo ni dogo, kwa sababu linamgusa tu aliyeweka hifadhidata zaidi ya moja katika seva moja na kuzikabidhi kwa wasimamizi tofauti. Mwenye hifadhidata moja na msimamizi mmoja halimhusu.

Chukulia shule na zahanati zilizo chini ya taasisi moja, zikitumia seva ileile, kila moja na hifadhidata yake. OpenLDAP humruhusu mtumiaji mkuu wa hifadhidata, yaani rootDN, kutuma maombi kwa niaba ya mtumiaji mwingine, na ruhusa hiyo haina ubaya ikiishia ndani ya hifadhidata yake. Matoleo ya zamani hayakuuangalia mpaka huo, hivyo msimamizi wa shule angeweza kuhesabiwa na seva kuwa ni daktari wa zahanati, akapata kila alichoruhusiwa daktari huyo bila kuijua nywila yake. Sisi hatuko tayari kuliacha jambo hilo, hata kama anayeweza kulifanya ni mtu mmoja tu.

Kazi yenyewe ya kusasisha OpenLDAP tunaifanya usiku, tukishanakili hifadhidata zote na mipangilio kwa amri ya slapcat, kwa kuwa seva inapowashwa upya watumiaji hukosa huduma kwa muda mfupi. Kisha, ili kupima, tunatumia akaunti kuu (rootDN) ya hifadhidata ya kwanza kuiomba seva, kwa amri ya ldapwhoami, itutambue kama mtumiaji wa hifadhidata ya pili. Seva yenye pengo hujibu kwa kutaja jina la mtumiaji huyo, iliyozibwa hukataa. Tafadhali usiitegemee namba ya toleo peke yake, maana watengenezaji wa mifumo endeshi ya Debian na Ubuntu waliingiza marekebisho haya katika matoleo yao ya nyuma bila kuifikisha namba hiyo 2.4.48.

Kinachotuhangaisha zaidi ni kwamba akaunti kuu haibanwi na kanuni zozote za ruhusa katika hifadhidata yake, hata baada ya marekebisho. Ndiyo maana tunashauri nywila yake iondolewe kwenye mipangilio, na kila msimamizi apewe akaunti ya kawaida yenye ruhusa anazozihitaji kwa kazi yake tu. Mteja asiyejua seva yake ina hifadhidata ngapi atutumie matokeo ya amri ya slapcat -n 0, inayoonyesha mipangilio ya seva, akiwa amekwisha kufuta thamani ya olcRootPW (nywila ya akaunti kuu) na nywila nyingine yoyote iliyomo.