Ndago ya Pamba Inapogeuka Manjano, Usikimbilie Mbolea

Wateja wetu wengi hutuandikia kwamba miche ya ndago ya pamba, ambayo wataalamu huiita Eriophorum angustifolium, imegeuka manjano miezi michache baada ya kupandwa ukingoni mwa bwawa, na kwamba mbolea waliyoiwekea imezidi kuidhoofisha. Tunasikitika kila tunaposoma barua ya namna hiyo, kwa sababu mmea huu haukuwa na njaa.

Ndago hii, ambayo huishi miaka mingi, ni ya ukoo mmoja na mafunjo, lakini kwao ni vinamasi vya kaskazini mwa Ulaya, Asia na Amerika, ambako mabaki ya mimea hurundikana majini bila kuoza kikamilifu na kuwa udongo wa piti, wenye tindikali nyingi na rutuba haba. Humo ndimo ilimozoea. Maji ya bomba yenye chokaa huipunguza tindikali hiyo kidogo kidogo, nayo mbolea huyapa nguvu magugu yanayokua haraka hadi yakaifunika. Tumia maji ya mvua, yasizidi kina cha sentimita 5 juu ya udongo. Usihofu kwamba mizizi itaoza: ukilikata jani kwa wembe na kulitazama penye mwanga, utaona vijitundu vingi, ambavyo ndivyo njia za kupitishia hewa mpaka kwenye mizizi iliyozama katika tope lisilo na oksijeni.

Ule weupe unaopendwa na wengi si ua. Ua lenyewe ni dogo, la rangi ya kahawia, na huchavushwa na upepo. Nywele nyeupe hurefuka baadaye, mbegu zinapokomaa, kwa hiyo anayekata vichwa mapema hujinyima pamba yote. (Nywele hizo hazifai kusokotwa uzi, kwa kuwa hukatika upesi, ingawa zamani zilijazwa ndani ya mito ya kulalia.)

Miche yetu huoteshwa kwa mbegu, katika udongo usio na piti, kwani hatuoni haki kuuza mmea wa kinamasi uliokuzwa kwa kuchimba kinamasi kingine. Kwenye bwawa dogo, ipande ndani ya chungu, maana mashina yake hutambaa chini ya tope na kuchipua mbali.

Mche wako ukidhoofika, tueleze kwanza ni maji gani unayotumia na kama umewahi kuuwekea mbolea. Majibu hayo mawili hutusaidia kuliko picha.