Sura ya tatu, kwa Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunakutana palepale Mwanjelwa, saa nane mchana. Ila safari hii nawaomba sana: ukimaliza sura ya tatu, funga kitabu, uandike mistari mitatu ya unachokumbuka bila kuchungulia. Kupigia mstari kila sentensi hakusaidii sana, kujiuliza ndiko kunakokaza kumbukumbu. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe, na mwaka 1885 akaeleza kwamba tunasahau mengi mapema, lakini tukirudia kwa kuachia siku katikati, yanakaa. Basi rudieni tena Alhamisi. Juzi dada yetu mmoja alinisimulia sura ya pili yote huku akimenya viazi, hakukosa hata jina moja! Nilifurahi mno. Baridi imezidi, njooni na masweta.