Wasafiri wetu waendao Ucheki waelezwe adabu za wenyeji kabla ya kuondoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu vijana wetu wanaokwenda kusoma na kujifunza kazi katika nchi za Ulaya ya Kati. Mwandishi ameeleza vizuri habari za viza, bima, nauli na makoti ya baridi, na kwa hayo nampongeza. Lakini alipofika kwa watu wenyewe aliandika sentensi moja tu, kwamba Wacheki ni watu wakavu wasiojua kusalimiana. Sentensi hiyo si ya kweli, na kwa kuwa itasomwa na vijana ambao hawajawahi kuvuka hata mpaka wa Tunduma, naona si haki kuiacha ipite.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tukuyu. Binti yangu alisomea shahada ya pili ya misitu mjini Brno, nami katika mwaka wake wa mwisho nilikwenda kumtembelea, nikakaa kuanzia mwanzoni mwa Septemba hadi wiki ya kwanza ya Novemba. Niliyoyaona kwa muda huo yamenifanya niamini kwamba Wacheki wana adabu, tena wanaisimamia kwa ukali, ila wameiweka mahali ambapo sisi hatukuzoea kuitafuta. Mgeni asiyeelezwa mapema ataipita kila siku bila kuiona, na wakati huohuo yeye mwenyewe atakuwa akiwakosea wenyeji bila kujua.

Nianze na hiyo salamu. Sisi wa Rungwe husalimiana njiani. Huwezi kupishana na mtu anayetoka shambani na jembe begani ukanyamaza. Mjini Brno watu hupishana barabarani kila mmoja na lake, na bila shaka hicho ndicho alichokiona mwandishi wenu. Angemfuata mtu yuleyule hadi kwenye duka dogo, duka la dawa, lifti ya jengo la kupanga au chumba cha kusubiria daktari, angesikia jambo jingine. Anayeingia husema "Dobrý den", yaani siku njema, akiwasalimu wote waliomo, nao humwitikia ingawa hawamjui. Anapotoka huaga kwa kusema "Na shledanou". Nilimsindikiza binti yangu kwa daktari wa meno, tukakuta watu sita wamekaa kimya, kila mmoja na gazeti lake au simu yake. Akaingia mzee mmoja aliyevaa kofia, akaivua, akatoa salamu, na wote sita wakaitikia kwa pamoja kama wanafunzi darasani. Kisha mzee akakaa na kimya kikarudi palepale. Kijana wetu angeingia hapo taratibu, ameinamisha kichwa, akitafuta kiti bila kumsumbua mtu, na angedhani ametenda kwa heshima, kumbe kwa macho ya wale sita yeye ndiye aliyekosa malezi.

Salamu yao ni fupi. Haiulizi habari za nyumbani, za watoto wala za mifugo, na muuza duka akiulizwa hali yake na mtu asiyemfahamu hushangaa. Hata kwa watu wanaofahamiana, swali la "hujambo" si la kujaza maneno, kwani anayeulizwa anaweza kukueleza kwa kirefu jinsi mgongo unavyomsumbua, nawe ukae umsikilize.

Kuna jambo moja katika lugha yao ambalo Mnyakyusa ataling'amua haraka kuliko Mzungu wa Uingereza. Sisi hatumsalimii mkubwa kwa "Ugonile". Tunamwambia "Mugonile", tukimsemesha mtu mmoja kana kwamba ni wengi. Wacheki nao hufanya hivyohivyo. Rafiki na mtoto huitwa "ty", yaani wewe, lakini mtu mzima usiyemzoea, mwalimu, jirani au mhudumu wa ofisi huitwa "vy", ambalo ndilo neno la wingi. Kuhama kutoka "vy" kwenda "ty" si jambo la kujichukulia. Hutolewa na mwenye umri mkubwa, au mwanamke kwa mwanamume, au mkubwa wa kazi kwa aliye chini yake, na likishatolewa ni jambo la furaha ambalo pengine hufuatwa na kupeana mikono. Majina nayo yana mpangilio wake. Mwanamume huitwa "pan" na mwanamke "paní", kisha jina la ukoo, na mwenye cheo cha kisomo huitwa kwa cheo hicho, kwa mfano "pane doktore" au "pane inženýre". Wanawake wengi huongezewa "-ová" mwishoni mwa jina la ukoo. Jirani mmoja alikuwa akilitamka jina la ukoo wetu hivyo kila alipomwita binti yangu, naye mwanzoni alidhani anadhihakiwa, hadi alipoelewa kwamba ndivyo lugha ile inavyotaka. Tena maneno yetu ya mama, baba, bibi na mjomba hayatumiki kwa watu wasio ndugu. Ukimwita bibi kizee wa sokoni "bibi" kwa Kicheki, ukikusudia kumheshimu kama unavyomheshimu muuza ndizi wa Tukuyu, yeye atasikia umemtajia uzee wake.

Sasa niseme lililo karibu zaidi na moyo wangu. Wengi wetu huku ni Wamoraviani, na wamisionari waliofungua kituo cha Rungwe mwaka 1891 walikuja kutoka Ujerumani. Lakini jina letu ni la Moravia, sehemu ya mashariki ya Ucheki, ambayo mji wake mkubwa ni huohuo Brno. Umoja wa Ndugu, ndilo kanisa tulilotokana nalo, ulianzishwa mwaka 1457 kijijini Kunvald na wafuasi wa mafundisho ya mhubiri Jan Hus, aliyechomwa moto tarehe 6 Julai 1415, na hadi leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa kule. Jan Amos Komenský, askofu wa Umoja huo na mwalimu mkubwa, sura yake imo kwenye noti ya koruna 200, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 28 Machi, ndiyo siku ya walimu nchini humo. Nilipoishika noti ile kwa mara ya kwanza nilisimama kando ya barabara nikaitazama kwa muda mrefu.

Kwa sababu hiyo msharika wa Mbeya husafiri akidhani anakwenda kwenye nchi ya Wamoraviani, na hapo ndipo anapojikwaa. Katika sensa ya mwaka 2021 karibu nusu ya wananchi walijibu kwamba hawana dini, na karibu theluthi hawakulijibu kabisa swali hilo, ambalo halikuwa la lazima. Historia ndiyo iliyowafikisha hapo. Baada ya vita vya Mlima Mweupe vya mwaka 1620, ambavyo Waprotestanti wa kule walishindwa, watu walilazimishwa kubadili madhehebu, Komenský akaenda uhamishoni asirudi tena, na masalia ya Ndugu walikimbilia Herrnhut, huko Ujerumani, mwaka 1722, na kutoka huko ndiko Injili ilikotufikia. Zaidi ya miaka 300 baada ya vita hivyo ukaja utawala wa Kikomunisti, kuanzia 1948 hadi 1989, uliolibana kanisa kwa namna nyingine. Kwa hiyo swali la "unasali wapi?", ambalo kwetu ni la kufahamiana tu na huulizwa hata ndani ya daladala, kule ni kama kumuuliza mtu mshahara wake. Sisemi kijana afiche imani yake. Mimi mwenyewe niliomba kabla ya kila mlo katika nyumba ya wenyeji wetu, nao waliweka vijiko chini wakasubiri kwa heshima kamili, na mwenye nyumba akaniuliza mengi kuhusu Rungwe. Ninachosema ni kwamba mazungumzo ya aina hiyo aachiwe mwenyeji ayaanzishe.

Katika nyumba hiyohiyo nilijifunza mambo mawili kwa makosa yangu. La kwanza ni viatu. Wacheki huvua viatu mlangoni, wao na wageni wao, na mwenyeji huwa na ndara za akiba za kumpa mgeni avae ndani. Kampuni ya Bata, ambayo viatu vyake sote tunavijua, ilianzishwa mwaka 1894 mjini Zlín, huko huko Moravia, lakini hata kiatu chao wenyewe hakivuki kizingiti. Mara nyingi mwenyeji kwa upole atasema "acha tu, usivue". Hayo ni maneno ya ukarimu na mgeni mwema huvua hata hivyo. Mimi niliyachukua yalivyo, nikavuka zulia na viatu vyangu vya kanisani, na binti yangu aliyekuwa nyuma yangu hakuwahi kunishika mkono.

La pili ni maua. Nilikuwa nimenunua waridi kumi mekundu, idadi niliyoiona kuwa kamili na ya heshima. Mama mwenye nyumba alinishukuru kwa uchangamfu, akaenda nayo jikoni kutafuta chombo, nami kutoka nilipokaa nikamwona akichomoa ua moja taratibu, akaliweka peke yake ndani ya glasi dirishani, na tisa yaliyobaki akayaleta mezani. Hakusema neno. Baadaye binti yangu alinieleza kwamba maua ya kumpa mtu aliye hai huwa ya idadi isiyogawanyika kwa mbili, na yanayogawanyika ni ya msibani. Mwanzoni mwa Novemba, wakati familia zinapokwenda makaburini kuwasha mishumaa na kuweka maua ya krisanthemu, nilielewa pia kwa nini ua hilo halipelekwi zawadi nyumbani kwa mtu. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenifichia aibu yangu, na mpaka leo namshukuru. Chai ya Rungwe niliyokuwa nimebeba, kwa upande mwingine, ilipokelewa bila tatizo lolote.

Nyumba ya watu haifikiwi kwa hodi ya ghafla. Ziara hupangwa siku kadhaa kabla, na saa tisa maana yake ni saa tisa. Mezani husubiriwa hadi kila mtu awe na sahani, kisha husemwa "Dobrou chuť", yaani kula kwa hamu. Kijana wetu aliye kazini asikasirike akiwakuta wenzake wanakula na hakuna anayemkaribisha. Kwao mtu anayekula halazimiki kusema "karibu", lakini anayempita mtu anayekula hulazimika kumtakia mlo mwema. Wakigonganisha glasi na kusema "Na zdraví", hutazamana machoni. Hili ni gumu kwetu tuliolelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa, na nawaomba vijana walizoee wakiwa bado nyumbani, kwa sababu macho yanayokwepa, kwao, ni macho ya mtu anayeficha jambo.

Bia ni kinywaji chao cha taifa, nao ndio wanaokunywa kwa wingi zaidi duniani kwa hesabu ya kila mtu, lakini hakuna aliyenichukia kwa kuagiza soda. Anayekunywa ajue kwamba katika vilabu vingi mhudumu huleta glasi nyingine mara tu iliyotangulia inapokwisha, akichora mstari kwenye kikaratasi kilicho mezani, hadi mnywaji afunike glasi kwa kile kipande cha kadibodi kinachowekwa chini yake. Dereva hatakiwi kuwa na kilevi hata kidogo mwilini.

Ndani ya tramu, ambayo watu wa Brno huiita "šalina", tiketi ya karatasi hugongwa kwenye mashine mara baada ya kupanda, kwani kuwa nayo mfukoni bila kuigonga ni sawa na kutokuwa nayo, na mkaguzi hatajali kwamba wewe ni mgeni. Humo ndimo nilimoheshimiwa kuliko mahali pengine pote. Kijana mwenye pete puani na michoro hadi shingoni aliinuka nilipopanda tu, akanionyesha kiti kwa mkono, akasimama kituo baada ya kituo bila kuniangalia tena. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi majengo ya kupanga hutakiwa kuwa kimya, na simu za kutoka nyumbani zenye spika wazi, pamoja na nyimbo zetu za sifa, zimewaletea vijana kadhaa barua za malalamiko kutoka kwa majirani.

Wazee wenzangu nao wakumbuke kuwa Chekoslovakia haipo tena tangu tarehe 1 Januari 1993. Wala wenyeji hawapendi kuitwa watu wa Ulaya Mashariki, maana Praha iko magharibi zaidi kuliko Vienna, na aliyekuwa kijana mwaka 1968, majeshi ya Mkataba wa Warsaw, yakiongozwa na Umoja wa Kisovyeti, yalipoingia na vifaru, huumia akidhaniwa kuwa Mrusi.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mkirudia mada hiyo mumtafute mtu aliyeishi huko aieleze. Ombi langu kwa sharika, vyuo na familia zinazowaaga vijana kwa sala na pilau ni kwamba katika siku hiyo itengwe saa moja ya mambo haya. Binti yangu amekwisha kurejea na anafanya kazi katika misitu ya Mufindi. Yuko tayari kuja Mbeya, Iringa au Njombe siku yoyote ya Jumamosi, bila malipo, kukaa na kundi lolote linalojiandaa kuondoka.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Tukuyu, Rungwe, Mbeya