Kukunja majani si kustahimili ukame

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nipinge makala yenu ya kilimo iliyosema kwamba mpunga unaowahi kukunja majani ndio unaostahimili ukame. Nimelima mpunga miaka 26, na hilo silikubali.

Msimu uliopita mvua ilikatika siku 12, masuke yakiwa ndiyo yanaanza kuchomoza. Nilikuwa na mbegu mbili kwenye majaruba yanayopakana. Ya kwanza, kufika saa nne asubuhi majani yalishajiviringa kama sindano. Ya pili ilikaa wazi hadi alasiri. Nikachukua jembe nikachimba. Mizizi ya ile ya kwanza ilitambaa juujuu tu, haikuvuka kina cha kiganja. Ya pili niliifuata chini mpaka mgongo ukaniuma, na udongo wa huko bado ulikuwa unashikamana mkononi.

Jani linalojikunja linajikinga, sikatai. Vitundu vyake vikifumba, maji hayapotei ovyo. Lakini hewa ya ukaa ambayo mmea hutengenezea chakula hupita kwenye vitundu hivyohivyo! Mpunga uliojikunja toka asubuhi unashinda na njaa.

Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2013 kuhusu jeni waliloliita DRO1, walilolipata kwenye Kinandang Patong, mpunga wa nchi kavu kutoka Ufilipino. Kazi yake ni kuielekeza mizizi chini badala ya kuiacha isambae pembeni. Walilihamishia kwenye IR64, mbegu maarufu yenye mizizi ya juujuu. Ukame mkali ulipobana, IR64 ya kawaida ilikosa punje karibu zote. Ile iliyopewa DRO1 bado ilivunwa. (Ila jaruba linalovurugwa kila mwaka hujenga tabaka gumu chini, na hapo mzizi hata uelekezwe vipi hukwama. Hilo nalo hamkuligusa.)

Tena, mnaopima uvumilivu kwa kutazama majani ya mpunga mchanga, subirini uchanue. Maji yakikosekana wakati huo, suke hushindwa kutoka vizuri kwenye ala yake na chavua huharibika, hata kama majani yatapona baadaye.

Ile mbegu yangu ya kwanza ilipona hivyo. Mvua iliporudi majani yalikunjuka, jaruba likawa kijani, wapita njia wakanisifu. Siku ya kupeta, karibu nusu ilikuwa mapepe, ikaenda na upepo.

Mkulima na msomaji wenu