Shukrani kwa Dereva wa Tuktuk wa Malindi

Natoa shukrani zangu hadharani kwa mzee mmoja dereva wa tuktuk hapa Malindi, ambaye hakutaka jina lake litajwe, kwa wema aliomtendea mdogo wangu. Kijana huyo alikuwa ametekwa na kamari ya simu, hata kodi ya nyumba na karo ya mtoto zikawa zinaishia kwenye mikeka ya kubashiri mpira, naye kanisani haonekani tena.

Mzee hakumkemea. Alimketisha kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk, karibu na lile kanisa dogo la Wareno, akamwomba afungue taarifa yake ya M-Pesa, kisha wakaandika pamoja, nyuma ya kalenda kuukuu, kila shilingi iliyokwenda kwenye kamari, na kando yake sadaka na matumizi ya nyumbani. Ndipo akamfungulia Wakolosai 3:5, ambapo Mtume Paulo anaiita tamaa ibada ya sanamu, akamwuliza ni nani hasa anayemtumikia. Swali hilo, naamini, lilifanya kazi kuliko vitisho vyetu vyote. Baadaye alikubali kumtunzia mshahara, akawa anampitia kila Jumapili asubuhi waende ibadani bila kumtoza nauli, ingawa mafuta ni ghali.

Leo mdogo wangu anaimba kwaya na kodi inalipwa. Mzee wangu, Mungu akubariki wewe na watoto wako. Nanyi mlio na kijana aliyenaswa hivyo, mketisheni, mhesabu naye, kisha mwende naye kanisani.