Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Matoleo Tunayoyahudumia na Tunayoyaacha

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, na ya wanachama wapya kwa katibu. Nafasi yangu nitaitumia karibu yote kwa suala lililotugombanisha mwaka mzima: programu yetu huria ya hesabu za vikoba iendelee kuhudumia matoleo yapi ya Python (lugha iliyoandikiwa), ya PostgreSQL (hifadhidata inayotunza data) na ya vivinjari, na yapi tuyaache yaende.

Mwaka 2025 haukutupa nafasi ya kuliahirisha. Mei, Ubuntu 20.04, mfumo endeshi wa seva, ilimaliza miaka yake 5 ya viraka vya kawaida, yaani masahihisho ya kasoro na ya usalama. Oktoba ikawa zamu ya Python 3.9, na tarehe 14 ya mwezi huohuo Microsoft ikafunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Novemba ikaenda PostgreSQL 13. Django 4.2, kiunzi cha Python ambacho programu yetu yote imejengwa juu yake, inafikia ukomo Aprili 2026.

Wapo wenzetu wanaosema toleo la zamani halili wala halinywi, tuliache lilivyo. Linakula muda wa watu. Kuhudumia Python kuanzia 3.8 hadi 3.13, pamoja na PostgreSQL kuanzia 12 hadi 17, ni michanganyiko 36, na kila badiliko dogo linapaswa kupita kote huko. Wanaopima ni watu wa kujitolea, usiku, baada ya kazi zao. Isitoshe, kila toleo la zamani linaacha alama yake ndani ya msimbo. Python 3.12 ilipoiondoa distutils, zana yake ya zamani ya kufungasha programu, ilitubidi tuandike njia mbili za kufanya jambo lilelile, na mchangiaji mpya akifika hapo anauliza kwa nini.

Ila hoja iliyonishawishi mimi ni ya usalama. Kikoba kinatunza akiba za watu. Tukiziba tundu katika programu yetu huku Python iliyo chini yake haipati tena viraka, tumefunga dirisha na mlango uko wazi.

Kwa hiyo kamati imeamua hivi. Toleo letu lijalo litatumia Django 5.2, ambayo itapata viraka vya usalama hadi Aprili 2028. Hiyo inadai Python 3.10 au zaidi na PostgreSQL 14 au zaidi. Bahati nzuri, Ubuntu 22.04 inakuja na hivyohivyo, Python 3.10 na PostgreSQL 14, kwa hiyo anayetoka 20.04 hahitaji kutafuta kitu pembeni. Upimaji pia tumeupunguza: tutapima toleo la chini kabisa na la juu kabisa, na ya katikati tutayaangalia kabla ya kutoa toleo tu.

Wanaotunza seva, niwatahadharishe. Kupandisha Ubuntu hakuhamishi hifadhidata. PostgreSQL 12 itabaki palepale na data yenu ndani yake, kando ya 14 iliyo tupu, mpaka mtakapoihamisha wenyewe. Nakili data kwanza, na nakala ikae kwenye mashine nyingine. Anayeogopa kugusa hifadhidata ya kikundi chake simcheki hata kidogo, nami huogopa.

Upande wa vivinjari tumefanya kinyume, na hapa ndipo nililaumiwa zaidi kwamba kamati ina ndimi mbili. Chrome iliishia toleo la 109 kwa wenye Windows 7, lakini Firefox 115, toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu, iliendelea kupata viraka kwenye mashine hizo mwaka mzima wa 2025. Tumeamua kurasa zetu ziendelee kufunguka katika vyote viwili. Sababu ni nani anayelipa. Kupandisha seva kunahitaji jioni moja na mtu anayejua anachofanya. Ubuntu yenyewe ni bure. Kumwambia mweka hazina wa kikoba aache kompyuta yake ni kumwambia anunue nyingine, na fedha hizo zitatoka kwenye mfuko wa kikundi. Sisi kuacha mapambo machache ya kurasa hakutugharimu kitu. Viraka tunamshauri avipate kwa kutumia Firefox badala ya Chrome, lakini mlango hatumfungii.

Limebaki jambo moja ambalo kamati haikuafikiana, na tunalileta kwenu mlipigie kura. Python 3.10 itaachwa na watengenezaji wake Oktoba 2026. Lakini Ubuntu 22.04 wataendelea kuitilia viraka Python hiyohiyo hadi 2027. Je, tufuate kalenda ya Python au ya Ubuntu? Wanaotaka ya Python wanasema kanuni iwe moja kwa wote, maana si kila mtu anatumia Ubuntu. Wanaotaka ya Ubuntu wanasema seva nyingi za vikundi tunavyovijua ziko huko, na ndiyo kwanza tumewahimiza wahamie 22.04. Mimi naegemea kwa hawa wa pili, kwa sharti kwamba ajitokeze mwanachama atakayeipima 3.10 katika muda huo wa ziada, na jina lake liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Asipopatikana, nitapiga kura 3.10 iondoke Oktoba.

Mwenyekiti